Muda wa Kusoma na Picha za Ubongo: Ni Nani Aliyefanya Kazi Zaidi?

Utangulizi

Katika makongamano ya isimu, na siku hizi hata katika mijadala ya uhakiki wa fasihi, si ajabu kusikia ikidaiwa kwamba picha za ubongo zimethibitisha kuwa msomaji wa lugha ya pili huufanyisha ubongo wake kazi zaidi kuliko mzawa wa lugha hiyo. Dai pacha husema kwamba istiari huutumikisha ubongo kuliko maneno ya kawaida. Jingine husema kwamba neno refu lenye viambishi vingi, kama yalivyo maneno mengi ya Kiswahili, huwasha maeneo ya ubongo ambayo neno fupi huyaacha yamelala. Madai haya hupokewa kwa heshima kubwa kwa kuwa huja na picha: ubongo wa rangi ya kijivu uliotapakaa madoa mekundu na ya manjano. Ni watu wachache wanaothubutu kubishana na picha.

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo moja ambalo picha hizo hazilisemi. Doa jekundu linaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana. Huenda eneo fulani la ubongo limefanya kazi kwa nguvu zaidi, na huenda limefanya kazi kwa nguvu ileile lakini kwa muda mrefu zaidi. Mashine yenyewe haiwezi kumwambia mtafiti ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea. Kinachoamua ni modeli ya hesabu aliyoichagua, hasa jinsi alivyouwakilisha muda wa kila jaribio. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili suala hili si la wataalamu wa takwimu peke yao, kwani muda wa kusoma neno ndipo lugha yenyewe inapojidhihirisha.

Ili mjadala usielee hewani, mfano utakaotumika ni wa Modogashe, mji ulio katika mpaka wa kaunti za Garissa na Isiolo, mahali barabara ya kutoka Isiolo na ile ya kutoka Garissa zinapokutana kabla ya kuelekea Wajir. Watoto wengi wa huko huanza maisha kwa Kisomali, wengine kwa Kiborana. Herufi za Kiarabu huzikuta katika chuo cha Kurani, na Kiswahili na Kiingereza huwangoja shuleni. Mashine ya kupiga picha ubongo haiko Modogashe; mashine hizo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Hata hivyo, hapana shaka kwamba watoto wa Modogashe ni miongoni mwa watu wanaozungumziwa kila inapotajwa "lugha ya pili", wawe wamepimwa au hawakupimwa.

Mashine hupima nini hasa?

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya MRI husikiliza chembe za ubongo zikizungumza. Sivyo. Chembe za eneo fulani zinapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka katika eneo hilo, tena kwa kiasi kinachozidi mahitaji. Damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa nayo hazina tabia moja mbele ya sumaku. Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha jambo hili kwa panya mwaka 1990, na mwaka 1992 vikundi kadhaa vya watafiti vikaripoti matokeo ya binadamu. Kinachopimwa, kwa hivyo, ni damu inayoifuata kazi.

Nayo damu haina haraka. Tukio la nukta ya sekunde hupandisha ishara ya damu polepole. Ishara hufika kileleni baada ya sekunde tano au sita hivi, kisha hushuka, hupita kidogo chini ya kiwango cha awali, na huchukua takribani sekunde 15 hadi 20 kabla ya kutulia. Mashine nayo kwa kawaida hupiga picha moja ya ubongo mzima kila sekunde moja hadi tatu. Ilhali kusoma neno moja na kubonyeza kitufe cha "ndiyo, hili ni neno la Kiswahili" huchukua chini ya sekunde moja au kuizidi kidogo. Yaani, tukio lenyewe limekwisha zamani kabla damu haijafika kileleni.

Wakazi wa bonde la Ewaso Ng'iro wa Kaskazini wanaijua hali hii kwa macho. Mto huo huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, hupita Laikipia, Archer's Post na Merti, na huishia katika kinamasi cha Lorian, si mbali na Modogashe. Ni katika miaka ya mafuriko makubwa tu ambapo maji huvuka na kufuata Lagh Dera kuelekea Somalia. Mtu aliyeko Merti anaweza kuona mto ukijaa ilhali mbingu ya kwao ni kavu kabisa. Mvua ilinyesha mahali pengine, wakati mwingine. Maji yamesafiri, yamechanganyika njiani, na yamefika yakiwa wimbi moja pana.

Sasa chukulia kwamba jana mvua ilinyesha milimani kwa saa moja, na juma lililopita ilinyesha kwa ukali uleule kwa saa mbili. Je, mtu wa Merti atatambua tofauti hiyo kwa upana wa wimbi? Si rahisi. Safari ya maji ni ndefu mno ikilinganishwa na saa moja au mbili za mvua, hivi kwamba umbo la wimbi litakuwa karibu lilelile. Kitakachobadilika ni kimo chake: mvua ya saa mbili italeta wimbi refu zaidi. Lakini mvua ya saa moja iliyonyesha kwa ukali maradufu italeta wimbi la kimo hichohicho. Aliyesimama ukingoni na kijiti cha kupimia maji hana njia ya kujua ni ipi kati ya mvua hizo mbili iliyonyesha, isipokuwa apate habari kutoka milimani.

Ulinganisho huu si pambo la lugha. Mwaka 1932 mhandisi wa Kimarekani L. K. Sherman alipendekeza kwamba wimbi la mto likokotolewe kwa kujumlisha mawimbi madogo, moja kwa kila kipande cha muda wa mvua. Hesabu inayotumiwa na wachunguzi wa ubongo ni ya ukoo huohuo. Geoffrey Boynton na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1996 kuhusu eneo la kuona, walionyesha kwamba mwitiko wa damu kwa tukio refu unaweza kutabiriwa, kwa ukaribu wa kuridhisha, kwa kujumlisha miitiko ya matukio mafupi. Ukaribu huo una mipaka yake. Matukio mafupi sana huitikiwa kwa kiasi kinachozidi kidogo kile ambacho kujumlisha kungetabiri. Kwa ajili ya hoja ya makala haya, kanuni ya jumla inatosha: kwa matukio ya sekunde moja au mbili, muda hujigeuza kimo.

Modeli nne za jaribio moja

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zielezwe. "Jaribio" hapa lina maana ya tukio moja ndani ya utafiti, yaani neno moja linapotokea kwenye kiwambo hadi msomaji anapojibu. Utafiti mmoja huwa na makumi au mamia ya majaribio. "Modeli" ni utabiri wa mtafiti: ikiwa eneo hili la ubongo linashiriki katika kusoma, basi ishara ya damu inapaswa kupanda na kushuka kwa namna hii. Tarakilishi hulinganisha utabiri na ishara halisi, kisha hutoa tarakimu moja kwa kila aina ya jaribio. Tarakimu hiyo husema utabiri ukuzwe mara ngapi ndipo uifikie ishara. Madoa ya picha hutokana na tarakimu hizo. Watu husema kwa mkato kwamba tarakimu kubwa ni kazi kubwa, na hapo ndipo penye mtego.

Jack Grinband na wenzake, katika makala waliyoyachapisha mwaka 2008, walizilinganisha njia nne za kuliwakilisha jaribio. Ya kwanza hulichukulia kila jaribio kuwa nukta isiyo na urefu, na nukta zote ni sawa. Ya pili hulipa kila jaribio kipande cha muda, lakini kipande hicho ni kimoja kwa majaribio yote, labda wastani wa muda wa kujibu. Ya tatu hurudi kwenye nukta, ila kila nukta hupewa uzito kulingana na muda ambao msomaji alichukua katika jaribio hilo. Ya nne hulipa kila jaribio kipande chenye urefu wake halisi: aliyejibu kwa milisekunde 700 amepewa 700, na aliyejibu kwa 1,400 amepewa 1,400.

Njia mbili za kwanza ndizo nyepesi, na ndizo zilizoenea kwa miaka mingi. Grinband na wenzake walionyesha kwamba, pale ambapo kazi ya ubongo kweli hudumu kwa muda wa uamuzi, ile ya nne huigundua kazi hiyo kwa uhakika zaidi na huakisi vizuri zaidi kinachotokea mwilini. Ya tatu huikaribia ya nne wakati majaribio ni mafupi, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: katika matukio mafupi, kuongeza urefu na kuongeza uzito huzaa wimbi karibu lilelile.

Mwanafunzi wa Modogashe mbele ya "hawakutuandikia"

Tuseme mwanafunzi wa darasa la saba wa Modogashe na mwenzake wa Lamu wamepewa kazi ileile. Maneno hutokea moja moja, nao waseme kama ni ya Kiswahili au ni ya kubuni. Tuseme pia kwamba mwanafunzi wa Lamu huamua kuhusu "hawakutuandikia" kwa milisekunde 700, na wa Modogashe kwa milisekunde 1,400. Tarakimu hizi ni za kufafanulia tu, hazikutolewa katika utafiti wowote. Hatimaye tuseme kwamba eneo fulani la ubongo, kwa wote wawili, hufanya kazi kwa nguvu ileile tangu neno linapoonekana hadi jibu linapotolewa.

Mtafiti wa kwanza anatumia kipande kimoja kwa wote. Modeli yake inatabiri wimbi moja kwa wanafunzi wote wawili, lakini ishara halisi ya wa Modogashe ina kimo cha karibu maradufu. Ili utabiri ufike, inabidi ukuzwe mara mbili. Picha itaonyesha doa kubwa, na ripoti itaandika kwamba ubongo wa msomaji wa lugha ya pili "ulifanya kazi kwa nguvu maradufu". Mtafiti wa pili anatumia data zilezile bila kubadilisha hata herufi, ila modeli yake inampa kila mmoja muda wake. Utabiri wa mwanafunzi wa Modogashe sasa una kimo cha maradufu tangu mwanzo. Tarakimu za wanafunzi wote wawili zinalingana, na doa linatoweka. Ripoti itaandika kwamba wasomaji hawa wanatumia nguvu moja.

Ni rahisi kumhukumu mtafiti wa kwanza kuwa amekosea. Lakini hakupima kitu kisichokuwapo. Wimbi la mwanafunzi wa Modogashe ni refu kweli. Alichokosea ni kitenzi na kielezi chake: aliandika "kwa nguvu" mahali ambapo data zilimruhusu kusema "zaidi kwa jumla" tu. Wanafunzi wa lugha wanapaswa kulitambua kosa la namna hii haraka kuliko wengine, kwa kuwa ni kosa la semantiki kabla ya kuwa kosa la hesabu.

Na tofauti hiyo ya semantiki ina uzito nje ya maabara. Mwalimu anayeambiwa kwamba akili ya mtoto wa Kisomali hulemewa na Kiswahili ataamini kwamba mtoto huyo ana upungufu. Mwalimu anayeambiwa kwamba mtoto huyo hufanya kazi ileile ila anahitaji muda zaidi atafikiria ratiba, dakika za mtihani, na wingi wa vitabu vya kusoma. Data ni moja. Sera mbili zinazotokana nazo hazifanani hata kidogo.

Muda huo unatoka wapi? Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na herufi kadhaa zina kazi nyingine katika hati hiyo. Herufi "x" na "c" huwakilisha sauti mbili za kooni, zile ambazo Waarabu huziandika kwa "ح" na "ع". Muungano "dh" katika Kisomali si sauti ya "dhahabu" kama isomwavyo kwa Kiswahili. Ni "d" inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma. Kisomali pia hakina sauti "p", "v" wala "z" miongoni mwa sauti zake za asili. Msomaji aliyeizoea hati hiyo akikutana na "dhamiri" au "vipaza" ana uamuzi wa kufanya ambao mwenzake wa Lamu hana. Zaidi ya sauti, Kisomali hugawa nomino katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike, ilhali Kiswahili kina ngeli nyingi zinazosambaa katika kitenzi, kivumishi na kiwakilishi. Kila moja ya tofauti hizi inaweza kuongeza milisekunde kadhaa. Hakuna hata moja inayolazimu eneo lolote la ubongo lipaze nguvu yake.

Modeli ya muda halisi si dawa ya kila ugonjwa

Kutokana na maelezo hayo mtu anaweza kudhani kwamba suluhisho ni kuitumia modeli ya nne daima na kusahau nyingine. La hasha. Chukulia eneo la ubongo linaloshughulikia kuona tu, na neno limeonyeshwa kiwamboni kwa nusu sekunde kamili kwa wanafunzi wote wawili. Eneo hilo litaitikia nusu sekunde hiyo kisha litulie, hata kama uamuzi utachukua milisekunde 1,400. Ishara za wanafunzi wote wawili zinalingana. Lakini modeli ya muda halisi ilitabiri wimbi la maradufu kwa mwanafunzi wa Modogashe. Ili kuushusha utabiri huo, tarakimu yake lazima ikatwe nusu, na ripoti itatangaza kwamba eneo lake la kuona ni dhaifu. Safari hii muda umempunja aliyekuwa umemkuza. Eneo linaloamuru kidole kubonyeza kitufe nalo lina hadithi yake, kwani kazi yake huanza karibu na mwisho wa jaribio na ni fupi kwa kila mtu.

Jambo hili lilielezwa kwa kina na Jeanette Mumford na wenzake katika makala ya mwaka 2024. Walionyesha kwamba kuupuuza muda wa kujibu kunaweza kuzaa tofauti za uongo baina ya aina za majaribio, na kwamba kuurefusha kila utabiri kulingana na muda huo nako kunaweza kuzaa uongo wa upande wa pili, pale ambapo eneo halifanyi kazi kwa muda wote wa jaribio. Pendekezo lao ni kuwa na mikondo ya utabiri yenye urefu usiobadilika kwa kila aina ya jaribio, kisha kuongeza mkondo mwingine mmoja, unaojumuisha majaribio yote, ambao urefu wake hufuata muda wa kujibu. Mkondo huo wa ziada hubeba kile kinachoweza kuelezwa na muda. Mikondo mingine hubaki na tofauti zisizotokana na muda.

Pendekezo hilo linaonekana la busara, na hapana shaka litaenea. Lakini linaibua swali ambalo wanaisimu ndio wanaostahili kulijibu. Mtafiti anapouondoa muda, je, anaondoa uchafu au anaondoa lugha?

Swali hili lilikwisha kuzua ubishi mkali. Mwaka 2011 Grinband na wenzake walidai kwamba eneo moja la katikati ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambalo lilikuwa likisifiwa kwa kugundua mgongano wa majibu, kwa hakika hufuata muda tu: mtu akikaa kazini kwa muda mrefu, eneo hilo hutoa ishara kubwa, pawe na mgongano au pasiwepo. Nick Yeung, Jonathan Cohen na Matthew Botvinick waliwajibu mwaka huohuo. Hoja yao ilikuwa kwamba mgongano wenyewe ndio unaorefusha muda, kwa hivyo anayeuondoa muda ameuondoa pia mgongano, kisha anashangaa kutouona.

Ikirejeshwa Modogashe, hoja ya Yeung na wenzake inasikika hivi: ikiwa upatanisho wa ngeli ndio uliomchelewesha mwanafunzi kwa milisekunde 700, basi milisekunde hizo ndizo upatanisho wa ngeli jinsi unavyoishi ndani ya msomaji. Kuzifuta ni sawa na mhakiki anayefuta mizani na vina ili asome "maudhui tupu" ya shairi. Kwa upande mwingine, hoja ya Grinband ina nguvu pale mtafiti anapodai kuwa amegundua eneo maalumu la ngeli. Eneo linaloongezeka kila muda unapoongezeka, hata kwa maneno yasiyo na ngeli yoyote, haliwezi kuitwa eneo la ngeli. Pande zote mbili zina haki, ila zinajibu maswali tofauti. Anayeuliza "mzigo wa jumla wa kusoma ni upi?" hana sababu ya kuufuta muda. Anayeuliza "je, eneo hili lina kazi mahususi?" hana budi kuuhesabu. Ripoti iliyo bora ni ile inayotoa matokeo mawili, kabla na baada ya muda kuhesabiwa, na kumwachia msomaji aone kilichobaki.

Upo mfano wa karibu zaidi na kazi ya wanaisimu. Joanne Taylor, Kathleen Rastle na Matthew Davis walichambua tafiti za kusoma maneno na maneno ya kubuni, wakachapisha uchambuzi wao mwaka 2013, na mwaka uliofuata wakarudi hasa kwenye suala la muda wa kujibu. Walitenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili kinaweza kuyaita ushiriki na juhudi. Ushiriki ni kama eneo limeitwa kazini au la. Juhudi ni kiasi cha kazi baada ya kuitwa. Neno la kubuni linaweza kulinyima kazi eneo la maana, kwa kuwa halina maana, na papo hapo likaliongezea kazi eneo la kugeuza herufi kuwa sauti. Muda wa kujibu ni mrefu zaidi, lakini maeneo mawili yanaelekea pande mbili. Anayetazama muda peke yake hataliona hili, wala hataliona anayetazama doa peke yake.

Fasihi na vipande virefu

Wanafasihi wana bahati ambayo wanaisimu wa neno mojamoja hawana. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kwa kila mshororo hausomwi kwa sekunde moja. Hata msomaji mwepesi huchukua sekunde kadhaa kwa mshororo na zaidi ya kumi kwa ubeti. Kwa vipande virefu namna hiyo, wimbi la damu hubadilika umbo: hupanda, hukaa juu kama uwanda, kisha hushuka kwa kuchelewa. Mvua iliyonyesha milimani mchana kutwa na usiku kucha si kama ile ya saa moja. Mtu wa Merti ataitambua kwa siku ambazo maji hayakushuka. Hapo nguvu na muda huanza kutengana vyenyewe: muda huonekana katika upana, nguvu katika kimo.

Bahati hiyo ina gharama. Nguvu haitulii mahali pamoja ndani ya ubeti mzima. Msomaji hupita haraka kwenye mshororo wa kwanza, hukwama kwenye jazanda katika wa tatu, hurudi nyuma, kisha kituo humwangazia yaliyotangulia. Kuuwakilisha ubeti huo kwa kipande kimoja kisichopanda wala kushuka ni kudai kwamba usomaji ni tambarare. Kwa hivyo, madai kuhusu istiari na ubongo yanahitaji kuulizwa maswali mawili kabla ya kunukuliwa katika tasnifu: je, sentensi zenye istiari zilichukua muda sawa na zile zisizo na istiari? Na kama hazikuchukua muda sawa, modeli iliufanya nini muda huo? Mara nyingi jibu liko katika aya moja ya sehemu ya mbinu, aya ambayo wasomaji wengi wa fasihi huiruka.

Kazi inayoweza kufanywa bila sumaku

Ieleweke kwamba nusu ya habari inayohitajika katika modeli hizi haitoki kwenye mashine. Ni muda wa kusoma, na muda wa kusoma hupimwa kwa tarakilishi ndogo ya kubebwa na programu inayopatikana bila malipo. Kwa maneno ya mfano uliotangulia, hii ndiyo habari ya kutoka milimani, ile inayomwezesha mtu wa Merti kulisoma wimbi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kwenda Modogashe, Merti au Habaswein, akapata idhini ya wazazi na walimu, akapima ni milisekunde ngapi mtoto anahitaji kwa "kitabu", kwa "vitabu", kwa "vitabu vyetu vilivyochanika". Anaweza kutenga maneno yenye "dh", yenye "p" na yenye "v", na kuyalinganisha na yale ambayo herufi zake hazileti utata kwa aliyezoea hati ya Kisomali. Anaweza kufanya hivyohivyo Lamu au Mombasa.

Sharti moja tu ndilo ambalo watafiti wengi wa lugha huelekea kulisahau, nalo ni kutotupa data ghafi baada ya kukokotoa wastani. Wastani wa milisekunde 1,000 unaweza kuwa wa mtoto aliyesoma kila neno kwa sekunde moja, na unaweza kuwa wa mtoto aliyesoma nusu ya maneno kwa 600 na nusu nyingine kwa 1,400. Modeli ya muda halisi haiwezi kujengwa juu ya wastani. Inahitaji safu mlalo moja kwa kila jaribio: neno lililoonyeshwa, wakati lilipotokea, wakati jibu lilipotolewa, na kama jibu lilikuwa sahihi. Majaribio yaliyokosewa nayo yahifadhiwe na kuwekewa alama, kwa kuwa mtu anayekosea mara nyingi ama hukurupuka ama hukawia, na muda wake si wa mkumbo mmoja na wa aliyejibu sawasawa.

Faili ya namna hiyo, yenye majaribio mia mbili ya watoto thelathini, haifiki ukubwa wa picha moja ya simu.